Seli za Kupffer na Oksijeni ya Ini
Hapa Bujumbura, ambako urwarwa na bia havikosi kwenye karamu, maradhi ya ini si habari ngeni. Mimi huvutwa zaidi na historia yake. Mwaka 1876 Karl Wilhelm von Kupffer alikuwa akitafuta neva ndani ya ini kwa kloridi ya dhahabu, akaziona seli zenye umbo la nyota. Baadaye alizihesabu kuwa sehemu ya ukuta wa mishipa ya damu. Ni Tadeusz Browicz wa Kraków aliyezitambua kuwa walinzi wanaomeza uchafu. Jina likabaki la Kupffer, na sioni haki hapo.

Katika miaka ya 1990, Ronald Thurman na wenzake nchini Marekani waliwapa panya pombe, na ini likatumia oksijeni kwa kasi. Walipozizima seli hizo kwa kloridi ya gadolini, kasi hiyo ilizuiwa. Kumbe mitokondria za seli kuu za ini huchochewa na jirani, kwa ishara kama prostaglandini E2. Hatari iko hapo: damu inayofika karibu na vena ya kati ya kila kijisehemu cha ini tayari imepungukiwa na oksijeni, na ndiko madhara ya pombe huanzia.