Vumbi la Safari Rally ndani ya Kompyuta

Septemba 2020, kijana mwenye kompyuta yenye nguvu na usukani wa kufunga mezani aliweza kukimbia Safari Rally akiwa sebuleni kwao. Mabingwa wa dunia wenyewe hawakuweza. Mashindano hayo yalikuwa yamerudishwa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, halafu Korona ikayafuta. Gemu ya WRC 9, kazi ya kampuni ya Kifaransa ya Kylotonn, ilikuwa tayari na Kenya ndani yake. Dereva Sébastien Ogier alikuja kushinda Naivasha Juni 2021, wakati wacheza gemu wameshakula vumbi hilo miezi tisa.

Msomaji wa Isiolo ana haki ya kuuliza: ni Kenya ipi hiyo? Kwa miaka mingi lami ilikomea mjini hapa. Kuanzia hapo hadi Moyale, takriban kilomita 500, dereva alipambana na changarawe iliyojikunja kama mbavu, mchanga na mito ya msimu, mpaka barabara ilipokamilika muongo uliopita. Aliyewahi kupanda lori la mifugo njia hiyo hahitaji kuelezwa jinsi springi inavyokatika.

Safari Rally, iliyoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilikuwa hivyo hivyo: mpinzani mkuu alikuwa barabara. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Gemu za mbio za magari kwenye kompyuta hazikuanzia kwenye matope. Mwaka 1984 Mwingereza Geoff Crammond alitoa Revs kwa ajili ya BBC Micro, mashine ya kilobaiti 32 tu, na bado gari la Formula 3 liliteleza Silverstone kwa namna iliyofuata sheria za fizikia. Mwaka 1998 Wamarekani wa Papyrus wakaleta Grand Prix Legends, yenye magari ya Formula 1 ya 1967. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba wanunuzi wengi walishindwa kumaliza hata mzunguko mmoja bila kujibamiza.

Kenya iliingia kwa kishindo mwaka 2000, katika gemu ya Colin McRae Rally 2.0, yenye jina la dereva. McRae alikuwa ameshashinda Safari 1997 na 1999, na sauti inayomsomea mchezaji kona zinazokuja ni ya Nicky Grist, mwelekezi aliyekaa kando yake katika ushindi huo. Mwaka uliofuata Bugbear ya Helsinki ikatoa Rally Trophy, gemu ya kompyuta yenye magari ya zamani, Kenya ikiwamo. Kwangu mimi hii ndiyo iliyokaribia ukweli: magari mazito, yanayoyumba, yanayotaka uvumilivu. Humo kuna Ford Escort, aina ya gari lililompa Hannu Mikkola ushindi wa 1972, wa kwanza kwa dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Kichekesho ni Richard Burns Rally ya 2004. Burns alishinda Safari 1998 na 2000, na gemu yenye jina lake hadi leo inatajwa na wapenzi wa mbio kuwa miongoni mwa zinazoiga gari la rali kwa uaminifu zaidi; mashabiki bado wanaiongezea barabara mpya miaka mingi baada ya Burns kufariki 2005. Ilitoka na barabara za nchi sita. Kenya haikuwamo.

EA Sports WRC ya 2023 inayo Kenya, na hatua ndefu kuliko zote za gemu hiyo hupita kilomita 30. Safari ya zamani ilivuka kilomita 5,000, tena kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Timu zenye fedha zilikodi helikopta ziruke mbele ya gari ili mwelekezi aonywe kwa redio: matatu inakuja, ng'ombe wanavuka. Kwenye gemu njia ni tupu, na gari likivunjika kuna kitufe cha kuanza upya. Siku mtengenezaji atakapothubutu kuweka kundi la ngamia katikati ya kona, hapo nami nitanunua usukani.