Kinyago Kilichotengwa na Ngoma Yake

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii hutajwa pale mtu anapojaribu kumtunishia misuli aliyemlea. Lakini ukipanda nayo hadi Newala, kwenye uwanda wa Makonde, kwa watu wanaovijua vinyago kwa karibu, inafichua jambo ambalo wasomi wa sanaa walichelewa kuliona. Mapajani mwa fundi, kinyago ni kipande cha mti mwepesi chenye nta na nywele. Mchongaji hakiogopi kwa sababu anakiona kikiwa nusu tu. Nusu ya pili ni ngoma: sauti inayotangulia, vumbi la uwanja, nguo iliyomfunika mchezaji asijulikane ni nani, na watoto wanaotimua mbio kabla hawajaona chochote. Hoja yangu ni kwamba kumbi za sanaa za vyuo vikuu, ambazo huweka muziki jukwaani jioni na kazi za mikono ukutani mchana, zimerithi utengano ambao haukuzaliwa Umakondeni. Utengano huo ulizaliwa katika mizigo ya watafiti, makabati ya makumbusho na mitaala ya vyuo, na kwa kuwa una tarehe na sababu zake, hatulazimiki kuuchukulia kama maumbile.

Tuanze na mahali penyewe. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vinavyojitokeza ghafla kutoka kwenye tambarare, katika nchi ya Wamakua na Wayao. Ukielekea mashariki barabara inapanda hadi uwanda wa juu wa Makonde, na Newala imekaa ukingoni, ikitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Juu huko maji yalikuwa shida ya miaka nenda rudi, kwani watu walishuka mteremko kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Watu wa juu na wa chini walitofautiana lugha, lakini wote walikuwa na jando na unyago, na wote walingoja kiangazi. Mavuno yakishaingia ghalani ndipo kumbi hujengwa, wavulana wakaingia kwa ngariba na walezi wao, wasichana wakawekwa chini ya makungwi. Humo nyimbo ndizo zilizokuwa somo. Zilifundisha heshima, kazi, unyumba na siri za ukoo kwa mafumbo, na mwali aliyeshindwa kuyafumbua alijulikana mara moja. Siku ya kutoka, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Wamakonde walileta midimu, wachezaji wa vinyago. Mmoja wao huenda alivaa uso wa mwanamke na kifuniko cha mti kifuani chenye umbo la tumbo la mjamzito, ingawa ndani yake alikuwa kijana wa kiume. Ngoma zilipashwa moto ili ngozi ikaze, na zile ndogo zenye mguu mrefu zilichomekwa ardhini. Mchongaji, mpigaji, mwimbaji na mchezaji walihukumiwa siku moja na watu walewale. Kama mahafali ni siku ya chuo kuonyesha hadharani kile kilichofundishwa faraghani, basi uwanda huu ulikuwa na mahafali kabla ya kuwa na shule.

Utengano una mwaka wake wa kuanzia, nao ni 1906. Mwaka huo Karl Weule, mtaalamu wa mila na desturi kutoka Leipzig, alifika kusini mwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Alikuwa amepanga kwenda Kondoa Irangi, lakini machafuko ya wakati huo yalivuruga safari yake, akageukia Lindi, kisha Masasi, kisha Newala. Alifika wakati wa kiangazi, kwa hiyo aliyakuta majando na manyago yakiendelea. Alibeba kamera, mashine ya kupiga picha za sinema, na fonografu ya kunasa sauti kwenye nta. Kwa haki yake, Weule aliona kwamba kilichokuwa mbele yake ni tukio moja. Kitabu chake cha 1908 kinasimulia nyimbo, vinyago na michezo pamoja, na hata kina michoro iliyochorwa na Waafrika wenyewe, ikiwemo ya Pesa Mbili, kiongozi wa wapagazi wake. Lakini vyombo vyake havikuweza kubeba tukio zima. Fonografu ilichukua sauti bila sura, na kasha lilichukua sura bila sauti. Vinyago vikaenda kwenye makumbusho ya Leipzig, ambayo yeye mwenyewe alikuja kuyaongoza. Sauti zikafika kwa wataalamu wa muziki wa Berlin, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel akachapisha uchambuzi wa sehemu ya sauti hizo. Nyimbo alizozichambua zilikuwa za wapagazi Wanyamwezi, wageni katika uwanda kama Weule mwenyewe. Hivyo safari moja ilizaa maktaba mbili katika miji miwili, na vinyago vya Newala vikaketi Leipzig bila ngoma zao. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ila mgawanyo wa makabati uligeuka kuwa mgawanyo wa taaluma, na baadaye mgawanyo wa taaluma ukawa mgawanyo wa majengo.

Msomaji makini atauliza kama sijaanza kulilia usafi ambao haukuwahi kuwepo. Jando halikuwa jiwe. Wamakua, Wayao na Wamakonde waliazimana mila, Uislamu ulipanda kutoka pwani, na Ukristo ulikuja pia. Ninakubali. Tena ushahidi bora kabisa wa hoja yangu unatoka katika mabadiliko hayohayo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, wakaanzisha makazi Masasi chini ya misheni ya Kianglikana. Misheni hiyo ilizaliwa katika vyuo vikuu vya Uingereza na Ayalandi na ilibeba jina lao, kwa hiyo chuo kikuu kilifika Masasi kwa jina miaka thelathini kabla ya Weule kufika na fonografu yake. Wamisionari wa kwanza waliliona jando kuwa la kukatazwa. Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alichagua njia nyingine, ya kulibatiza. Padri aliingia kumbini, sala zikachukua nafasi ya matambiko, na mafundisho yaliyoonekana kupingana na Injili yakaondolewa. Wapo waliomsifu kwa kuiheshimu desturi, na wapo waliosema ameichuna ngozi. Mimi natazama kile alichokiacha. Aliacha msimu, aliacha kambi, aliacha walezi na nyimbo za kufundishia, aliacha siku ya kijiji kuwapokea watoto wake. Lucas alibadili maneno ya somo bila kulivunja darasa. Maana yake ni kwamba mtindo huu ulikuwa na uwezo wa kupokea mageuzi makubwa ya imani na bado ukabaki tukio moja. Kilichokuja kuuvunja mjini hakikuwa kugeuka kwa desturi. Ulikuwa ugawaji wa kazi.

Ugawaji huo ulikamilishwa na watu waliokuwa na nia njema kabisa. Desemba 1962, alipokuwa akianza kazi ya urais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua dansi za Ulaya huku hawazijui ngoma kama kiduo na lele mama, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata. Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kikaanzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 muziki na sanaa za ufundi vikaingia chini ya paa hilohilo. Kutoka uwanda wa Makonde, taifa lilichukua sindimba. Ngoma iliyokuwa ya furaha ya jando na unyago ikawa ya mashuleni, ya mapokezi na ya majukwaani, ikachezwa na watu wa makabila yote, na mara kwa mara ikashutumiwa na walioona matusi katika kiuno chake. Shutuma hiyo yenyewe ni dalili ya mkato: kiuno kilichokuwa somo la unyumba kwa mwali aliyekwisha fundwa kilionyeshwa bila somo, na mtazamaji asiyefundwa akaona kiuno tu. Uchongaji nao ulishika njia yake. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kufuata kazi za mkonge na za mjini walichonga mpingo kwa soko. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, na mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana kama mnara, ukavuma baada yake. Mwaka 1972 ikaanzishwa Nyumba ya Sanaa, karakana na duka la wasanii Dar es Salaam, alikokuja kung'ara mchongaji George Lilanga. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi tu sindimba ilikuwa na jukwaa lake na mpingo ulikuwa na duka lake, na hakuna aliyelazimika kuwauliza wazee wa Newala kama vitu hivyo viliwahi kuwa kimoja.

Pingamizi zito zaidi linahusu haki. Uwanja wa jando ulikuwa na mlinzi wa mlango. Midimu ilikuwa siri ya wanaume, na wanawake walitakiwa kuamini, au kujifanya wanaamini, kwamba mchezaji si mtu. Chuo kikuu kiliuvunja mlango huo. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walisomea na kufundisha sanaa za maonyesho Dar es Salaam hadi kufikia uprofesa, wakaandika na kuongoza michezo ya jukwaani. Katika uwanja wa zamani wangekuwa watazamaji wa kinyago tu. Sina hamu ya kuurudisha mlango huo. Lakini siri na umoja wa tukio ni mambo mawili. Unaweza kuifuta siri bila kuitenga sauti na sura, na walioonyesha hivyo ni wasomi hao hao. Mlama na wenzake walipopeleka sanaa za maonyesho vijijini kwa ajili ya maendeleo, waliondoka ukumbini, wakakaa na watu, wakatumia ngoma na maigizo ya mahali pale kujadili matatizo ya mahali pale, na mjadala wa wanakijiji ukawa sehemu ya onyesho. Katika kitabu chake cha 1991 Mlama anaiona ngoma iliyogeuzwa kiburudisho cha wakubwa kuwa imepoteza kazi yake. Chuo kilichotaka kufundisha vizuri kilijikuta kinaurudia uwanja.

Pingamizi la mwisho ni la riziki na ustadi. Kama uchongaji usingejitenga na ngoma, yasemwa, tusingempata Lilanga, wala mchongaji wa Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, asingesomesha watoto. Ni kweli. Kazi iliyojitenga hupata nafasi ya kukua, na sitaki msanii yeyote akae na njaa akingoja kiangazi. Hata hivyo ustadi uliopatikana dukani ni wa kumridhisha mnunuzi anayepita, wakati ule wa uwanjani ulihukumiwa na watu waliojua kazi hiyo kuliko msanii mwenyewe. Vyote viwili vina thamani. Chuo kikuu ndicho mahali pekee mjini panapoweza kuuweka ustadi wa pili hai, kwa kuwa hakilazimiki kuuza kinachoonyeshwa. Nacho kina mfano karibu: Bagamoyo, ambako tangu 1981 ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi zimefundishwa katika chuo kimoja, na tamasha la mwaka huzikutanisha tena mbele ya hadhira iliyozizoea. Uwanda wenyewe nao haujasimama. Jando leo hufuata likizo za shule kama zamani lilivyofuata mavuno, na kuhama kwa tarehe hakujaiua desturi. Kalenda inaweza kubadilika, mradi iwepo siku moja ya wote.

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Lilikuwa jambo la haki, na wengi walilifurahia. Lakini tuangalie kilirudishwa wapi: kwenye kabati, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka ukingo wa Newala, mahali ambapo mgeni anaweza kukitazama kwa karibu kuliko mwali yeyote alivyowahi kuthubutu. Hakimtishi mtu. Kwa mujibu wa methali, basi, sote tumekuwa wachongaji wake, tumekaa nacho mapajani, tunahesabu alama za tojo usoni. Ukumbi wa chuo kikuu utakaotaka kumaliza kile Weule alichokianza bila kukusudia hauhitaji kukitoa kinyago hicho kabatini. Unahitaji kualika wapiga ngoma na wachongaji wa Newala na Masasi siku moja, jukwaa moja, kuwaachia wao waamue nani aanze, na kuzima taa za ukumbi mpaka ngoma iwe imesikika kwanza.