Uchovu wa Metali na Ufa Usiopona

Fundi wa ndege akisema metali imechoka, hasemi kwamba imechakaa. Kilichochakaa huonekana: kimelika, kimelegea, kimepungua unene. Uchovu wa metali hutokana na mzigo unaokuja na kuondoka mara maelfu, kila mmoja ukiwa mdogo, usio na nguvu ya kuvunja chochote. Ufa huanzia mahali padogo, mara nyingi kwenye tundu la ribiti au la bolti, kisha hurefuka kidogo kila safari huku sehemu iliyobaki ya kipande iking'aa kama mpya.

Neno "uchovu" limeshika vizuri chanzo chake, yaani kazi inayorudiwarudiwa. Lakini mtu aliyechoka akilala huamka na nguvu zake. Ndege hata ikae karakana mwaka mzima, ufa wake utakuwa palepale, na safari ya kwanza itauendeleza. Ndiyo maana katika maelekezo ya ukaguzi naona tuandike "ufa wa uchovu": msomaji ajue mara moja kwamba kinachotafutwa ni ufa, na kwamba mapumziko si tiba yake.

Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Dan-Air ya Uingereza, iliyotoka London kupitia Athens na Nairobi, ilikuwa ikijiandaa kutua Lusaka. Bawa dogo la kulia la mkiani liling'oka pamoja na kibao chake cha kupandishia na kushushia pua. Pua iliinama, ndege ikaanguka kilomita chache tu kabla ya kufika uwanjani, na watu wote 6 waliokuwemo wakafa. Ufa wa uchovu ulikuwa umeukata mhimili wa nyuma wa bawa lile, ukianzia kwenye tundu la kifungio. Kinachouma zaidi ni kilichofuata: ndege za aina ile zilipokaguliwa duniani, 38 zilikutwa na nyufa kwenye mhimili huohuo.

Waliobuni mkia ule waliweka njia ya pili ya kubeba mzigo endapo ya kwanza ingekatika. Hiyo ni busara, ila njia ya pili hununua muda tu, na muda huo hauna faida iwapo ukaguzi uliopangwa hauwezi kuuona ufa.

Tochi na kioo cha mkononi hugundua baadhi ya nyufa. Nyingine hutaka rangi ya kupenya: fundi husafisha kipande, hupaka rangi, husubiri, hufuta, kisha hunyunyiza unga mweupe unaoivuta nje rangi iliyojificha ufani. Zilizo ndani ya matundu au chini ya bamba hutafutwa kwa umeme, mawimbi ya sauti au eksirei.

Mwaka 1978 Marekani ilibadilisha kanuni za usanifu wa ndege kubwa. Sasa msanifu lazima aonyeshe ufa utakua kwa kasi gani, na ratiba ya ukaguzi hupangwa ili fundi apate zaidi ya nafasi moja ya kuukuta kabla haujafikia urefu wa hatari.