Kibarua, Kipande na Manamba: Mafundisho ya Haki katika Nchi ya Njombe na Ukinga

Mwalimu wa dini katika Iwawa, au katekista wa kigango kilicho mbali na Makambako, akiambiwa afundishe haki katika jamii, neno lake la kwanza huwa hili: Vitabu viko wapi? Swali hilo ni jema. Lakini tukimpa vitabu tu, tumempa nusu ya chombo. Nusu ya pili imo katika nchi yake mwenyewe, katika habari za wazee na katika maneno ayasemayo kila siku. Hapa twataka kuonyesha jinsi maneno matatu, yaani kibarua, kipande na manamba, yawezavyo kumfaa mwalimu huyo darasani na kigangoni.

Kwanza tutaje nyaraka zenyewe. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13 alitoa waraka uitwao Rerum Novarum, juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mwajiriwa hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Maana mwenye shida hukubali neno lolote. Ujira sharti umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi apate kuishi. Baada ya miaka 40, mwaka 1931, Baba Mtakatifu Pius wa 11 alilikaza fundisho hilo katika Quadragesimo Anno, akasema wazi kwamba ujira umtoshe mfanyakazi pamoja na jamaa yake. Msomaji alishike sana neno hilo, pamoja na jamaa yake, kwa kuwa habari zifuatazo zalitegemea.

Mwaka ule ule wa 1891 wamisionari Waluteri wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa, na mwaka 1895 wakaanza kituo cha Bulongwa katika Ukinga. Wabenedikto walianza Peramiho mwaka 1898. Basi Injili na kodi zilikuja karibu wakati mmoja, kwa maana mwaka huo wa 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 kodi, kazi za nguvu na mashamba ya pamba vikawasha Vita vya Maji Maji, vilivyowavuta na Wabena wengi. Vita ilipokwisha mwaka 1907, njaa ikaua watu wengi kuliko silaha. Kodi lakini ilibaki, na Waingereza waliokuja nyuma hawakuiondoa.

Kodi ilitaka fedha, na fedha ilikuwa mbali na nyumbani. Katika miaka ya 1930 Wakinga walishuka kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wabena wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chama chao cha kuandika watu, kikaitwa SILABU, na nchi ya Njombe ikawa mojawapo ya nchi zilizotoa watu wengi. Kijana aliandikwa, akapewa namba, akasafirishwa kwa lori na kwa gari la moshi, akaacha mke na watoto nyuma.

Hapa tuyatazame maneno yetu. Kibarua ni barua ndogo: asili yake ni karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, kisha jina la karatasi likawa jina la mtu. Kipande ni kadi yenye nafasi za siku 30. Siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa alama zote zilipotimia. Manamba ni watu wa namba, na neno lenyewe limetoka katika Kiingereza. Tazama basi: mtu aliyepewa jina na baba yake, akapewa na jina la pili katika ubatizo, alipofika kazini aliitwa kwa karatasi yake au kwa namba yake. Wanafunzi wetu hulisema neno kibarua kila siku bila kufikiri. Mwalimu akiwauliza limetokaje, amekwisha kuanza somo la heshima ya mtu, wala hakufungua kitabu.

Tena afuate hesabu. Wenye mashamba walipanga mshahara kama kwamba manamba ni kapera. Walisema, mke wake ana jembe na shamba huko kwao. Yeye atalisha watoto. Kwa hiyo chakula cha mtoto wa Ubena kilitoka katika mgongo wa mama yake, na mkonge ukauzwa kwa bei iliyosaidiwa na jembe la mwanamke ambaye tajiri hakumwona kamwe. Ndipo neno la mwaka 1931 linapoonekana kwa nguvu zake. Fundisho la Kanisa lilidai ujira wa jamaa; desturi ya mashamba ilitoa ujira wa kapera. Kati ya hizo mbili, nyumba nyingi za nchi hii ziliumia.

Na sisi tusijifiche. Misheni nazo zilitumia mikono ya watoto wa shule katika mashamba yake, wala si kila mahali palipoulizwa kama kazi ile ilikuwa elimu au utumishi tu. Mwaka 1953 maaskofu wa Tanganyika walitoa barua ya kichungaji juu ya Waafrika na maisha ya Kikristo. Ni vema isomwe tena leo, pamoja na barua yao ya mwaka 1968, iliyofuata Azimio la Arusha, juu ya Kanisa na jamii ya Tanzania inayoendelea. Mwaka huo wa 1968 ndipo Jimbo la Njombe lilipoundwa.

Mtu atasema, manamba wamekwisha. Ni kweli, wamekwisha. Lakini je, wasichana wa mikoa yetu waendao Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, huitwa kwa jina au huitwa dada wa kazi? Mshahara wao wahesabiwa kwa kipimo gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini sheria haifiki jikoni kama hapana mtu wa kuipeleka.

Jambo la pili ni yatima. Katika uchunguzi wa mwaka 2011 hadi 2012, Mkoa wa Njombe ulionekana kuzidi mikoa mingine yote ya Tanzania kwa virusi vya UKIMWI: asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Makete ilizika wazazi wengi sana. Watoto walioachwa walikuwa na mashamba, na shamba lisilo na mtu mzima wa kulisemea huliwa upesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Watoto wa katekisimu wangapi wamepata kuisikia?

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza awatume wanafunzi kwa wazee wawaulize habari za safari ya mkonge au ya Lupa: walilipwa kiasi gani, na nani aliwalisha watoto. Pili awape methali mbili, Mnyonge hana haki, na Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wajadiliane ipi yasema dunia ilivyo na ipi yasema inavyopasa kuwa. Tatu awaeleze mgowe, kazi ya shirika ya Wabena, watu walimapo pamoja na mwenye shamba akawapikia pombe. Kisha awaulize habari za mjane asiye na ulezi wa kupikia. Hivyo watajua kwamba desturi njema nayo yahitaji kutazamwa kwa macho ya maskini. Mwisho wasome sura ya 5 ya Waraka wa Yakobo juu ya ujira uliozuiliwa, na nyaraka za Mababa Watakatifu. Wakisoma kwa taratibu hii, watasoma kama watu wanaotafuta jibu.

Parokiani mahali pa kazi hii ni Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizitilia mkazo mwaka 1976. Jumuiya ya nyumba chache yajua yatima ni nani, na shamba lake liko wapi.

Lakini kabla ya somo la kwanza, sisi mapadre na walimu tujiulize neno moja. Yuko anayetupikia, anayelinda geti letu usiku, anayefundisha dini kigangoni kwa niaba yetu. Je, twamlipa ujira wa jamaa au ujira wa kapera? Watoto wamjua, na jibu letu watalisoma kabla ya kusoma waraka wo wote.