Siki, Mashua na Kofia ya Kijani: Wivu kwa Kikantoni

Kwa Wakantoni wa Hong Kong na Guangzhou, mwenye wivu wa mapenzi "anakunywa siki", haap cou. Akimwonea wivu mtu asiye wake, hiyo ni "siki kavu". Anayemnyang'anya mwenzake mpenzi "anachimbua msingi wa ukuta". Mwenye wapenzi wawili "amekanyaga mashua mbili". Sisi tungemwambia mshika mbili moja humponyoka.

Mume anayesalitiwa na mkewe "amevaa kofia ya kijani". Hapo ndipo nakutahadharisha, msomaji: ukiwa na rafiki au mshirika wa biashara kutoka huko, usimzawadie kofia ya rangi hiyo, hata iwe imeshonwa kwa mkono ikapendeza vipi. Wewe umempa heshima. Yeye ameona mkewe akisemwa.