Nomino Dán: Shairi, Ufundi na Majaliwa katika Kiayalandi

Kamusi ndogo za Kiayalandi hufasiri nomino dán kuwa "shairi", na wahakiki wengi hutosheka hapo. Fasiri hiyo ni sahihi kwa lugha ya leo, lakini hupotosha usomaji wa fasihi ya kale. Asili ya neno hili ni mzizi wa Kihindi-Kiulaya wenye maana ya kutoa, uliozaa pia donum ya Kilatini, yaani zawadi. (Kipawa nacho, katika Kiswahili, kimetokana na kupawa.) Katika Kiayalandi cha Kale, dán lilimaanisha ufundi wa kila namna. Katika kisa cha Cath Maige Tuired, Lug anazuiwa langoni mwa Tara kwa kuwa haingii mtu asiye na dán. Anataja useremala, uhunzi, upigaji wa kinubi, uganga. Ushairi ni mmoja tu miongoni mwa hizo.

Sarufi nayo inashuhudia. Dán ni nomino ya jinsia ya kiume. Leo umbo lake la umilikishi ni dáin, na wingi ni dánta. Hapo kale lilikuwa katika kundi la nomino zenye shina la u, na umilikishi wake ukawa dána. Umbo hilo limesalia katika kirai aos dána. Kukifasiri "watu wa mashairi" ni kosa: ni watu wa ufundi. Maana ya majaliwa, kwa upande wake, imo katika i ndán, ambapo d humezwa na n. Kilicho i ndán kwa mtu ndicho alichoandikiwa.

Mshairi rasmi, file, alisomea kazi yake kwa miaka mingi, akatunga dán díreach kwa kuhesabu silabi, na mtawala akamlipa. Wahakiki wanaoziita tungo hizo unafiki wa kununuliwa husahau kwamba seremala naye hulipwa. Baada ya kushindwa Kinsale mwaka 1601, na watawala wa kaskazini kukimbilia ng'ambo mwaka 1607, wafadhili walitoweka, shule za washairi zikafa katika karne hiyo hiyo, na amhrán, bahari inayofuata mkazo, ikashika nafasi.

Mwaka 1981 Baraza la Sanaa la Ayalandi liliunda jumuiya ya wasanii, likaiita Aosdána. Wachoraji na watunzi wa muziki wamo pamoja na waandishi, chini ya umilikishi ule wa kale.