SAFU YA LUGHA: Mashine ya kuchimba ni ipi?

Siku hizi kompyuta yoyote yenye feni nyingi hutangazwa kuwa "mashine ya kuchimba bitcoin", na anayeanza hulipa bila kuuliza. Kuchimba ni kufukua ardhi ili kupata kitu: muhogo, maji, dhahabu. Katika sarafu za kidijitali hakifukuliwi kitu. Mashine hubahatisha namba mfululizo hadi moja ikubalike, kazi ambayo hasa ni kukokotoa. Wapo watakaosema kuchimba limeshazoeleka. Naam, na libaki, kwani kosa haliko kwenye kitenzi bali kwenye "mashine", neno linalofunika vitu vitatu tofauti. Kompyuta ya kawaida hufanya kila kazi, na bitcoin ilipoanza mwaka 2009 ilitosha kuichimba. Kadi ya michoro hufanya hesabu nyingi kwa mpigo. Ilikuwa na soko kubwa kwa wachimbaji hadi sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Mtambo maalumu, uliofika sokoni mwaka 2013, unajua hesabu ya aina moja tu: mmojawapo, Antminer S19 Pro, hula wati 3,250 hivi, lakini hauwezi kufungua hata barua pepe.

Mtu anaweza kupinga kwamba kompyuta ya kawaida bado inachimba. Ni kweli, sarafu ya Monero huchimbwa nayo. Ila bitcoin sasa ni ya mitambo. Basi tuseme kompyuta, kadi au mtambo, kila kimoja kwa jina lake. Na wewe mnunuzi, kabla ya kulipa, muulize muuzaji: inachimba sarafu gani, na inakula wati ngapi?